Tom Mboya: Mkaguzi wa afya aliyelipwa sehemu moja kwa tano

Wakenya wengi humkumbuka hayati Thomas Joseph Odhiambo Mboya kama mwanasiasa mwenye ufasaha usio kifani, mratibu wa safari za wanafunzi kwenda Marekani, na waziri aliyepigwa risasi mchana peupe katikati ya jiji la Nairobi. Ni wachache wanaokumbuka kwamba kazi ya kwanza aliyofunzwa na kufuzu ilikuwa ya afya. Kabla ya kuwa kiongozi wa wafanyakazi alikuwa mkaguzi wa afya, mtu wa kupima maziwa, kukagua mabucha na mikahawa, na kuchungulia mitaro ya maji machafu. Cheti alikuwa nacho. Kilimpa kazi ile ile waliyoifanya wakaguzi Wazungu, ila hakikumpa mshahara wao, na hapo ndipo siasa yake ilipoanzia.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na mji wa Thika, katika shamba la mkonge lililokuwa la mlowezi tajiri, Sir Northrup McMillan. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara shambani humo. Yeye na mkewe Marcella walikuwa wenyeji wa Rusinga, kisiwa cha Ziwa Victoria ambacho leo kimo katika Kaunti ya Homa Bay. Enzi hizo eneo hilo, pamoja na sehemu inayoitwa Migori sasa, lilikuwa chini ya wilaya moja kubwa ya kusini mwa Nyanza. Wanaume wengi wa huko waliacha nyavu na majembe wakaenda kusaka pesa za kodi katika mashamba ya walowezi, kwenye reli na bandarini. Ndiege alikuwa mmoja wao. Mshahara wake ulikuwa mdogo, na alikuwa na watoto kadhaa wa kusomesha.

Kwa sababu hiyo mtoto huyo wa Rusinga alikulia mbali na ziwa. Alizungumza Kikamba na Kiswahili sawia na Kijaluo, jambo lililokuja kumfaa sana alipotafuta kura na wanachama katika mitaa ya Nairobi iliyojaa watu wa kila kabila. Masomo yake alianzia katika shule ya misheni ya Kikatoliki ya Kabaa, Ukambani, ambako watoto waliandika mchangani kwa kukosa daftari. Mwaka wa 1942 alipelekwa St Mary's Yala, katika nchi ya baba zake ya Nyanza, na mwaka wa 1946 akajiunga na Holy Ghost College, Mang'u, iliyokuwa miongoni mwa shule bora za Waafrika nchini.

Alifaulu vyema Mang'u. Alama zake zilimruhusu kuendelea hadi mtihani wa Cambridge, uliokuwa lango la Makerere na vyuo vya ng'ambo. Hata hivyo karo haikuwepo, na wadogo zake nao walisubiri zamu yao ya kusoma. Kijana wa miaka 17 katika hali hiyo alikuwa na njia chache: ukarani, ualimu wa ngazi ya chini, au mafunzo ya serikali ambayo mwanafunzi hakutozwa ada. Mboya alichagua hii ya tatu. Mwaka wa 1948 aliingia katika chuo cha mafunzo ya wakaguzi wa afya jijini Nairobi, kilichobeba jina la Royal Sanitary Institute ya Uingereza.

Hapa inafaa kueleza jinsi kazi za afya zilivyopangwa katika koloni la Kenya, kwani Mboya aliingia kwenye ngazi ambayo vipago vyake vilikuwa vimehesabiwa kwa rangi ya ngozi. Chini kabisa walikuwa madresa na watumishi wa wodi. Hawa walifunzwa kazini katika hospitali za serikali na za misheni, kama ile ya Waadventista Wasabato iliyoanza miaka ya 1920 huko Kendu Bay, mwambao wa ziwa hilo hilo la akina Mboya. Walisafisha vidonda, walifunga bendeji, waligawa dawa, na katika zahanati nyingi za mashambani wao ndio walikuwa daktari, muuguzi na mkunga kwa pamoja. Juu yao walikuwa wasaidizi wa hospitali, waliofunzwa Nairobi katika chuo kilichoanza mwaka wa 1927 na ambacho leo kinajulikana kama KMTC. Cheo cha muuguzi kamili kilikuwa cha Wazungu. Msichana wa Nyanza aliyetaka mafunzo ya maana ya uuguzi alilazimika mara nyingi kuvuka mpaka, kama alivyofanya Grace Ogot, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mashuhuri na waziri msaidizi, alipokwenda Mengo, Uganda, mwaka wa 1949.

Ukaguzi wa afya ulikuwa na tofauti moja muhimu. Kazi yenyewe iliandikwa katika sheria. Aliyefuzu alikuwa na mamlaka ya kuingia katika duka, bucha au kiwanda cha maziwa, kuchukua sampuli, na kumpeleka mwenyewe mahakamani akikaidi. Mamlaka hayo yalitokana na mafunzo na cheti, hayakutokana na rangi. Angalau ndivyo ilivyosomeka karatasini.

Sehemu ya mafunzo hayo ilifanyika katika Jeanes School, Kabete. Wanafunzi walisoma habari za maji safi na vyoo, nyama na maziwa, panya, mbu na maradhi yaletwayo na msongamano wa watu. Huko Kabete wenzake walimchagua Mboya kuongoza baraza la wanafunzi. Ulikuwa uongozi wake wa kwanza, na wengi waliomfahamu baadaye wasingeshangaa kusikia kwamba hakuupata kwa nguvu wala umri bali kwa kusema. Alifuzu mwaka wa 1950, na mwaka uliofuata akaanza kazi katika Idara ya Afya ya Baraza la Jiji la Nairobi.

Nairobi ilikuwa imetangazwa kuwa jiji mwaka huo huo wa 1950, lakini afya na ubaguzi vilikuwa vimefungamana ndani yake tangu mwanzo. Tauni ilipozuka mwaka wa 1902, wakuu waliteketeza kwa moto soko la Wahindi. Mwaka wa 1913 Profesa Simpson, bingwa wa afya kutoka Uingereza, alikuja kuchunguza hali ya miji na kupendekeza kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika watenganishwe makazi, eti kwa ajili ya kuzuia maradhi. Kwa hivyo kwa miaka mingi mkaguzi wa afya alikuwa mtu anayekwenda kwa Mwafrika na Mhindi kuwaambia wahame, wabomoe au wasafishe. Mwafrika kuvaa kofia ya ukaguzi na kubisha mlango wa Mzungu lilikuwa jambo ambalo jiji halikuwa limejiandaa kuliona.

Mboya aliligundua hilo upesi. Katika kitabu chake Freedom and After, kilichotoka mwaka wa 1963, ameeleza jinsi siku moja alivyokuwa peke yake katika maabara ya Baraza akipima maziwa. Mwanamke Mzungu aliingia na chupa ya maziwa mkononi, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama kulikuwa na mtu yeyote mle ndani. Mboya alikuwa mbele yake. Aliposikia swali hilo alimjibu kwa kumuuliza kama macho yake yalikuwa mazima. Mama huyo alikasirika, na malalamiko yakafika kwa wakubwa wa kijana huyo.

Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, pengine kwa sababu kinachekesha. Kuna jingine ambalo halisimuliwi sana, nalo ndilo zito zaidi. Mara kadhaa Mboya alifukuzwa katika majengo aliyotumwa kukagua, wenyewe wakisisitiza kwamba waletewe mkaguzi Mzungu. Baraza la Jiji lililazimika kuwashtaki baadhi yao ili mfanyakazi wake aweze kutimiza wajibu wake. Ina maana kwamba sheria ilikuwa upande wa Mboya, na mwajiri wake pia, walau pale usafi wa maziwa ulipohusika. Ukaidi wa wenye maduka haukuweza kufuta cheti chake.

Mshahara ndio uliokifuta. Kwa maelezo yake mwenyewe, mkaguzi Mwafrika alilipwa kiasi cha sehemu moja kwa tano ya alicholipwa mkaguzi Mzungu kwa kazi ile ile. Huo haukuwa uchoyo wa afisa mmoja. Ulikuwa utaratibu. Katika utumishi wa serikali kuu, tume ya Holmes ya mwaka wa 1948 ilikuwa imeweka kanuni kwamba asiye Mzungu, hata akiwa na sifa sawa na cheo sawa, alipwe sehemu tatu kwa tano. Utetezi uliotolewa ni kwamba Mzungu alikuwa na gharama zaidi za maisha na kwamba Mwafrika alikuwa bado anajaribiwa. Kanuni hiyo ilidumu hadi tume ya Lidbury ilipopendekeza mwaka wa 1954 kwamba iondolewe. Tukio hilo halikuangushwa na mbingu, kwani kufikia wakati huo vijana wa aina ya Mboya walikuwa wamekwisha kujipanga.

Kilichomtofautisha Mboya na wenzake walionung'unika ni kwamba yeye alihesabu. Ndani ya Baraza la Jiji kulikuwa na jumuiya ya wafanyakazi Waafrika ambayo hadi wakati huo ilikuwa zaidi ya mambo ya chai na mazishi. Aliingia humo, akachaguliwa kuwa kiongozi, akazunguka idara kwa idara akiandikisha wanachama: wazoa taka, makarani, askari, wakaguzi. Punde si punde jumuiya hiyo ikageuka kuwa chama halisi cha kutetea haki, Kenya Local Government Workers' Union. Waajiri hawakufurahi, naye hakudumu katika ukaguzi. Kufikia mwaka wa 1953 alikuwa ameacha kazi ya Baraza na kujitosa katika harakati za wafanyakazi kwa muda wake wote. Alikuwa na umri wa miaka 23 pekee alipokuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Jomo Kenyatta na viongozi wengine wa chama cha KAU walikuwa kizuizini, na Mboya, aliyejiunga na chama hicho wakati wengine walipokuwa wakikikimbia, alishika uweka hazina kwa muda mfupi hadi kilipopigwa marufuku Juni 1953. Baada ya hapo vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki kuwa jukwaa pekee la Mwafrika. Katika msako wa Anvil wa Aprili 1954, maelfu ya wakazi wa Nairobi walikamatwa, wakiwemo viongozi wengi wa vyama hivyo. Mboya aliendelea kuandika barua, kulalamika kwa mashirika ya wafanyakazi ya kimataifa, na kujitokeza mahali ambapo mtu mwoga asingejitokeza. Machi 1955 alishuka Mombasa wakati wachukuzi wa bandari walipogoma, akawasihi warejee kazini, kisha akawawakilisha mbele ya baraza la usuluhishi, wakapata nyongeza ya mshahara ambayo haikuwahi kuonekana bandarini hapo. Jina lake likatapakaa nchini kote.

Mwaka huo huo alikwenda Ruskin College, Oxford, kusoma mambo ya viwanda na siasa kwa mwaka mmoja. Aliporejea, milango ya uchaguzi ilikuwa imefunguliwa kidogo kwa Waafrika. Machi 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, akiwa mmoja wa wajumbe wanane wa kwanza Waafrika kuingia kwa kura. Kusini mwa Nyanza, nyumbani kwa wazazi wake, kulimchagua Lawrence Oguda. Desemba 1958, akiwa na miaka 28, Mboya aliongoza kikao cha mkutano wa watu wa Afrika yote uliofanyika Accra.

Safari za wanafunzi kwenda Marekani zilianza mwaka wa 1959, ndege ya kwanza ikibeba vijana 81. Mwaka uliofuata wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kusaidia mpango huo, na miongoni mwa walionufaika mwaka wa 1960 alikuwa Wangari Maathai. Habari hizo zinajulikana. Lisilotajwa sana ni ubishi ulioambatana nazo. Wakuu wa elimu wa kikoloni walidai kwamba vyuo vingi vya Marekani vilikuwa hafifu na kwamba shahada zake hazingelingana na za Uingereza. Kwa mtu aliyewahi kubeba cheti cha Uingereza na kulipwa sehemu moja kwa tano, hoja hiyo haikuwa na uzito. Mboya alijua kutokana na maisha yake kwamba thamani ya karatasi huamuliwa na aliye na uwezo wa kuajiri, na alitaka uwezo huo uhame kabla wanafunzi hao hawajarudi.

Mambo yalikwenda kasi. Katika uchaguzi wa mwaka wa 1961 alimbwaga vibaya Dkt Munyua Waiyaki katika eneo la Nairobi Mashariki, mkaguzi wa afya akimshinda daktari. Januari 1962 alimwoa Pamela Odede, binti ya Walter Odede aliyekuwa kaimu rais wa KAU, ambaye naye alikuwa amesoma Marekani. Miezi michache baadaye akateuliwa Waziri wa Leba. Oktoba mwaka huo serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia saini Mkataba wa Uhusiano wa Viwandani, uliowataka wote wazungumze kabla ya kugoma au kufunga milango. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963 alikuwa Waziri wa Haki na Masuala ya Katiba, na mwaka mmoja baadaye akahamishiwa Mipango ya Uchumi na Maendeleo, wizara aliyoishika hadi kifo chake.

Ni katika miaka hiyo ya uwaziri ambapo maisha yake yanakuwa magumu kuyasimulia kwa sifa tupu. Serikali aliyokuwamo ilipitisha mwaka wa 1965 sheria ya mizozo ya kikazi ambayo ilimpa waziri uwezo mkubwa wa kuzuia migomo. Chama kikuu cha COTU, kilichoanzishwa mwaka huo huo, kilizaliwa chini ya jicho la serikali. Mboya aliamini kwamba nchi changa haikuweza kumudu mapambano ya kila siku kazini, na kwamba mkataba uliotiwa saini ungemfaa mfanyakazi kuliko mgomo. Wakosoaji wake waliona kwamba aliyepanda ngazi kwa nguvu za wafanyakazi alikuwa sasa akiivuta juu. Haki iko pande zote mbili. Alikuwa amezoea kushinda mezani, na pengine alisahau kwamba meza ile ya Mombasa isingeandaliwa kama wachukuzi wasingegoma kwanza. Sheria ya 1965 ilifutwa mwaka wa 2007, lakini sheria mpya ya uhusiano wa kikazi nayo ikaendelea kuziorodhesha hospitali miongoni mwa huduma muhimu ambazo migomo yake hubanwa.

Kwa upande wa mafunzo kazi yake ilikuwa ya kudumu zaidi. Mwaka wa 1965 wizara yake ilichapisha matokeo ya uchunguzi wa kitaifa kuhusu wataalamu waliohitajika nchini hadi mwaka wa 1970. Kwa mara ya kwanza serikali ya Waafrika ilikaa chini kuhesabu ina wahandisi wangapi, madaktari wangapi, wauguzi wangapi, na itahitaji wangapi zaidi. Wazungu walikuwa wakiondoka. Mwaka huo huo serikali ilifuta ada ya matibabu kwa wagonjwa wasiolazwa, na foleni zikarefuka mbele ya zahanati ambazo hazikuwa na watu wa kutosha wa kuzihudumia. Mwaka wa 1966 ikaanzishwa Bima ya Taifa ya Hospitali. Daktari mmoja huchukua miaka mingi kupatikana, na kwa hivyo nchi iliegemea wauguzi wa ngazi ya cheti, waliofunzwa kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Hao ndio walioibeba afya ya vijijini kwa miongo iliyofuata, Homa Bay na Migori zikiwemo.

Ila Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, ambao Mboya alikuwa mhimili wake, ulikuwa na aya moja iliyoiumiza nchi ya wazazi wake. Ulishauri kwamba fedha za maendeleo zielekezwe pale zitakapozaa haraka zaidi, yaani kwenye ardhi nzuri, mvua ya kutosha, barabara na watu waliokwisha kuupokea uchumi wa fedha. Kwa hesabu za mwanauchumi jambo hilo lilikuwa na mantiki. Kwa mkazi wa Mbita, Karungu au Nyatike lilikuwa na maana kwamba atasubiri. Wakati huo hata kufika Rusinga kulihitaji kuvuka maji. Ni vigumu kusema kama Mboya aliiona hatari hiyo, kwani mbunge huyo wa Nairobi, mzaliwa wa Thika, alijivunia kuwa mtu wa taifa zima na aliogopa sana kuonekana mtu wa kwao.

Taifa hilo halikumlipa hivyo. Jumamosi, Julai 5, 1969, mwendo wa saa saba mchana, Mboya alitoka katika duka la dawa la Chhani kwenye barabara iliyoitwa Government Road, sasa Moi Avenue, akapigwa risasi mlangoni. Alikuwa na miaka 38. Alikimbizwa Nairobi Hospital, lakini hakukuwa na la kufanya. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alihukumiwa kwa mauaji hayo na kunyongwa kabla ya mwaka kuisha, huku swali la waliomtuma likibaki bila jibu. Siku ya misa ya wafu katika kanisa la Holy Family waombolezaji na polisi walikabiliana barabarani. Mwili ulisafirishwa kwa barabara hadi Nyanza, umati wa watu ukijipanga njiani, kisha ukavushwa hadi Rusinga, ukazikwa.

Uchungu huo ulikuwa haujapoa pale Rais Kenyatta alipozuru Kisumu Oktoba 25, 1969. Shughuli ya siku hiyo ilikuwa kufungua hospitali mpya ya mkoa, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na ambayo wenyeji waliiita ya Warusi. Zogo lilizuka, walinzi wakafyatua risasi, watu wakauawa, na siku chache baadaye chama cha upinzani cha KPU kikapigwa marufuku. Hospitali hiyo, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, ndiyo iliyokuja kuwa kimbilio la wagonjwa mahututi kutoka Homa Bay na Migori.

Walihitaji kimbilio hakika. Ukimwi ulipoingia, sehemu hizo za kusini mwa Nyanza ndizo zilizoathirika kupita kiasi. Mwaka wa 2013 takriban mtu mmoja kati ya kila wanne waliokomaa katika Homa Bay alikadiriwa kuwa na virusi. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa limeanza kazi mjini humo tangu mwaka wa 1996, na mwaka wa 2001 likaanza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo katika hospitali ya serikali. Kazi ilikuwa kubwa kuliko idadi ya waliosomea. Wauguzi walifanya yaliyokuwa ya madaktari, na watu wasio na cheti chochote, wengi wao wakiwa wenyewe ni wagonjwa, wakafunzwa kushauri, kupima uzito, kuhesabu vidonge na kufuatilia waliopotea. Walikuwa, kwa namna fulani, madresa wa Kendu Bay waliorudi katika karne nyingine.

Malipo yao ndiyo yaliyobishaniwa tena. Mwaka wa 2017 wauguzi wa serikali za kaunti waligoma kwa takriban miezi mitano wakidai mkataba wa mishahara, na wodi za kaunti zote mbili zikabaki kimya. Mwaka wa 2023 serikali ilianza kuwalipa wahamasishaji wa afya ya jamii posho ya Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Hadi hapo wengi walikuwa wamefanya kazi hiyo bure kwa miaka. Vyuo vya KMTC vya Homa Bay na Migori huhitimisha wauguzi ambao Baraza la Wauguzi huwasajili. Msaidizi wa muuguzi, aliyesoma miezi michache katika chuo cha mtaani na kubeba cheti kizuri chenye mhuri, hana nafasi katika Sheria ya Wauguzi, ambayo huwatambua walioandikishwa na waliosajiliwa tu. Waajiri wanalijua hilo wanapokubaliana naye mshahara.

Kaburi la Mboya lipo Rusinga, ndani ya jengo lenye umbo la risasi, na watoto wa shule huletwa kulitazama. Kisiwani humo pia kuna kituo cha afya chenye jina lake.